Simu Si Yaya

Wapo wazazi Wakristo wanaokemea pepo wa simu Jumapili, na Jumatatu jioni wanamkabidhi mtoto simu hiyohiyo ili wapike kwa utulivu. Tusimsingizie Shetani. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawaagiza wazazi kuwafundisha watoto wakiwa nyumbani, wakiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Nyakati hizohizo ndizo tulizoiachia simu.

Mtajibu kwamba kuna katuni za Biblia. Zipo, na nyingine ni nzuri kweli. Lakini ile ya Daudi na Goliathi ikiisha, YouTube huleta video nyingine yenyewe, nawe uko jikoni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya simu au televisheni zaidi ya saa 1 kwa siku. Aliye chini ya mwaka 1, asikae kabisa. Na hao ndio tunaowanyamazisha kwa simu katikati ya mahubiri!

Kuanzia chakula cha jioni, simu zote zilale kabatini. Ya baba itangulie, hata kama kundi la WhatsApp la wazee wa kanisa bado linajadili.