Magari Mawili ya Kale, Familia Moja

Baba anapolitamani gari la kale, mama huulizwa mwisho, ilhali yeye ndiye atakayepanda nalo pamoja na watoto. Tuyapime basi magari mawili ambayo wazee wetu huyataja kwa mapenzi.

Land Rover ilionyeshwa kwanza Amsterdam mwaka 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, bodi yake iliundwa kwa aloi ya alumini. Magurudumu yake yote manne huvuta, nalo tumbo lake li juu ya ardhi. Datsun 240Z ya Japani, iliyotoka mwaka 1969, ni gari la mbio: imeinama chini, ina injini ya silinda sita na viti viwili tu.

Huenda mtu akasema: mbona Datsun hiyo ilishinda Safari Rally mwaka 1971, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda? Ni kweli, na tope lilikuwamo. Lakini nyuma yake walikuwapo mafundi na vipuri. Ushindi ule ulikuwa wa kundi zima, na gari la nyumbani halina kundi hilo.

Madereva wetu wapelekao shehena kutoka Mombasa hadi Malaba waijua vyema lami ya barabara kuu. Mambo hubadilika uiachapo na kuingia njia za udongo za vijiji vya Angurai wakati wa masika. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku ahitaji nafasi ya kujinyoosha, na mtu wa kumshika mkono. Land Rover ndefu yampa yote mawili. 240Z haimpi hata moja.

Hata hivyo, Land Rover nayo ina gharama zake. Hutikisa mgongo, hupiga kelele na hunywa mafuta. Huku Pwani, bodi yake haili kutu kama chuma, lakini fremu iliyo chini ni ya chuma, na chumvi ya bahari haina huruma. Basi kabla fedha ya familia haijatoka, fundi ainame aigonge fremu ile, na mama aulizwe: siku ya dharura, sote tutaenea?