Uliza yuniti kabla ya jina la chuo

Nina jambo la kuwaambia vijana wanaotoka na diploma. Mdogo wangu alimaliza diploma ya teknolojia ya habari hapa Kisumu, akajiunga na digrii ya sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu ambacho sitakitaja. Aliahidiwa kwa mdomo kwamba angeanzia mwaka wa pili. Kufika huko, masomo ya programu na databesi yakakataliwa, eti transkripti inaonyesha alama tu, haionyeshi kilichofundishwa. Jioni hiyo nilimkuta mezani kwetu Manyatta amefungua daftari lake la Java, kurasa zimejaa wino hadi pembeni, na kando yake fomu ya mwaka wa kwanza. Iliniuma sana.

Wadogo zangu, msikimbilie jina. Chuo Kikuu cha Maseno kiko njia ya Busia, cha Jaramogi Oginga Odinga kiko Bondo, kote huko matatu zinafika. Nendeni hadi idarani mkiwa na silabasi ya kila somo, muulize ni yuniti zipi zitakubaliwa, mpewe jibu kwa maandishi kabla ya kulipa karo. Ulizeni na hisabati, maana hapo ndipo wengi wa diploma hukwama.

Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Masomo ipo tangu 2014. Kwa hiyo vyuo vikuu vitangaze wazi masomo ya diploma vinayoyatambua. Mama anayelipa karo kwa kuuza omena hawezi kulipia somo moja mara mbili.