Programu Ikipangwa Upya, Majaribio Yake Yasisahauliwe

Wanafunzi wengi wanaojifunza kuandika programu za kompyuta huona fahari programu inapotoa jibu kwa mara ya kwanza. Lakini kazi kubwa huanza baadaye, pale mwandishi anapolazimika kuifungua programu inayofanya kazi na kuipanga upya ndani, ili isomeke na kurekebishika kwa urahisi, pasipo kubadili majibu yake. Maoni yangu ni kwamba kazi hiyo haiwezi kuaminiwa iwapo majaribio ya programu hayatunzwi kwa mpango mmoja na programu yenyewe.

Jaribio, kwa maana inayotumika hapa, ni programu fupi inayoipa programu nyingine data zinazojulikana, kisha ikalinganisha jibu linalotoka na jibu lililokubaliwa tangu mwanzo. Yakilingana, jaribio limefaulu, yasipolingana, limeshindwa.

Tuchukue mfano wa Mkoa wa Ruvuma. Tuseme wanafunzi wa Mbinga wameandika programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi: mtu anaandika jina la wilaya na miaka miwili ya sensa, nayo inachapa tofauti ya idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 404,799 katika Wilaya ya Mbinga. Ile ya mwaka 2012 ilihesabu 353,683. Programu itachapa kwamba watu wamepungua kwa 51,116. Hesabu ya kutoa ni sahihi, lakini habari yenyewe inapotosha. Kati ya sensa hizo mbili Mbinga ilimegwa, na ukanda wa ziwa, pamoja na Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ukawa Wilaya ya Nyasa, ambayo mwaka 2012 ilihesabiwa watu 146,160. Kwa hiyo eneo lile la awali lilikuwa na watu 499,843, yaani ongezeko la 95,044. Mtu akipanga madawati au dawa kwa kufuata jibu la kwanza, watakaoumia ni watoto na wagonjwa.

Sasa tuseme programu hiyo imekuwa ndefu, na wanafunzi wanaamua kuigawa katika sehemu tatu: kusoma jedwali, kukokotoa na kuchapa. Kundi moja linashika programu, kundi jingine majaribio. Mara majaribio kadhaa yanashindwa. Aghalabu kishawishi huwa ni kufuta jibu la zamani ndani ya jaribio na kuweka lile lililochapwa na programu mpya. Majaribio yote yatafaulu, na hakuna lolote litakalokuwa limethibitishwa.

Hapana budi kwanza itafutwe sababu, nazo ni tatu. Ya kwanza, programu imeharibika katika kupangwa upya: itengenezwe, na jaribio lisiguswe. Ya pili, jaribio lilitegemea mambo ya ndani, kama vile jina la sehemu ambayo sasa haipo: namna ya kuuliza ibadilishwe, lakini jibu linalotarajiwa libaki lile lile. Ya tatu, jambo lenyewe linalohesabiwa limebadilika, kama mipaka ya wilaya. Hapo jibu linaweza kubadilika kwa haki, ila hiyo ni kazi nyingine. Ifanywe peke yake, na sababu yake iandikwe.

Kwa ufupi, programu ikiguswa, jaribio litulie. Jaribio likiguswa, programu itulie. Mkulima wa kahawa wa Mbinga hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Mizani ikirekebishwa saa ile ile magunia yanapobadilishwa, kilo zikipungua hakuna ajuaye kama kosa ni la mizani au la gunia.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu huu unachelewesha kazi. Ni kweli kwamba majaribio yanayochungulia kila kipande cha ndani huwa mzigo, kwa kuwa kila badiliko dogo huyaangusha. Lakini dawa si kuyaacha. Yaliyo mengi yaulize kwa amri ile ile anayoiandika mtumiaji. Jaribio linalodai idadi ya Mbinga na Nyasa kwa pamoja mwaka 2012, likitarajia 499,843, halijali kama programu ina sehemu tatu au thelathini.

Tena majaribio hulinda yale tu yanayoulizwa. Mwezi Oktoba 2025 toleo la 25.10 la Ubuntu lilitoka likiwa na programu ndogo za amri zilizoandikwa upya kwa lugha ya Rust. Waandishi wake walikuwa wakizipima kwa majaribio ya programu za awali. Hata hivyo amri ya date, ilipoombwa tarehe ambayo faili ilibadilishwa mara ya mwisho, ilitoa saa ya wakati ule ule. Kwa sababu hiyo baadhi ya kompyuta zilishindwa kujitafutia masahihisho mapya. Kwa hiyo, kabla ya kuanza kupanga upya, yafaa kuuliza ni matumizi gani ambayo bado hayana jaribio, na kuliandika kwanza.

Walimu wa kompyuta wanaweza kuanza na hatua ndogo. Mwanafunzi anapoleta programu aliyoipanga upya, alete pia daftari linaloonyesha kila jaribio alilolibadilisha na sababu ipi kati ya zile tatu iliyomfanya alibadilishe. Daftari hilo litolewe alama sawa na programu yenyewe.