Titi Twalisifu Shairini, Twalifukuza Ofisini



Ni nani kati yetu asiyelijua shairi la marehemu Shaaban Robert liitwalo "Kiswahili"? Humo mshairi, alipotaka kuonyesha utamu wa lugha ya mtu, alichagua mfano wa titi la mama. Twalisomesha shairi hilo mbele ya wavulana na wasichana, twalieleza neno kwa neno, wala hatuoni haya. Lakini mwalimu mwenzetu akiketi katika ofisi ya walimu akampa mwanawe titi hilo hilo, nyuso hugeuzwa, vikohozi vya kusingizia husikika, na hatimaye huambiwa akajistiri. Mahali anapoelekezwa pa kujistiri ni stoo ya majembe, au chooni! Nani miongoni mwetu angekubali kupelekewa chai yake ya saa nne chooni?

Huu ni unafiki, na hapana budi tuutaje kwa jina lake.

Wanaopinga hutuambia kwamba wanalinda mila. Mila zipi? Sokoni, garini, matangani na kanisani, mama zetu wamenyonyesha mbele za watu tangu hapo kale, na wazee hawakuwakemea. Waislamu nao wamesoma katika Kurani habari za miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Na ni mama gani awezaye kujifungia ndani miaka miwili? Hata lugha yetu ni shahidi. Ina dang'a, yale maziwa ya kwanza; ina kulikiza, yaani kumwachisha mtoto ziwa; ina ndugu wa kunyonya. Lugha ya watu waonao haya haiwi na msamiati kama huo. Aibu hii haikutoka kwa bibi zetu. Imekuja pamoja na tai na meza ya ofisi.

Wengine humtazama mama huyo kana kwamba anaiba saa za kazi. Sisi walimu wa sarufi tuwakumbushe kwamba kiambishi kimoja hubadili maana yote: anayenyonyesha si mnyonyaji.

Tena tufanye hesabu. Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humpa mzazi siku 60 za kazi za likizo, yaani majuma 12 hivi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na kula hata atimize miaka 2 au zaidi. Basi mwalimu hurudi darasani mtoto akiwa na miezi ipatayo 3. Hiyo 3 iliyosalia, mtoto akanyonye wapi?

"Ampe chupa," hujibiwa. La hasha! Maziwa ya mama huja kwa kadiri yanavyonyonywa. Titi lisiponyonywa hujaa, huuma, na maziwa hupungua. Maziwa ya kopo nayo yataka fedha, maji safi na moto wa kuyachemshia. Si bure kwamba mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia maziwa hayo yasitangazwe ovyo.

Wala tusidhani kwamba sheria peke yake yatosha. Jirani zetu wa Kenya walipitisha Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayowaagiza waajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea. Hata hivyo, tarehe 7 Agosti 2019, siku ya mwisho ya Juma la Kunyonyesha Duniani, mbunge Zuleikha Hassan wa Kwale aliamriwa kutoka katika ukumbi wa Bunge kwa kuwa aliingia na mwanawe wa miezi 5. Sheria ilikuwapo, mioyo ilikuwa bado.

Nanyi akina mama, msinyonyeshe kama watu waibao. Ketini wima, mgongo umeegemea. Mleteni mtoto kwenye titi, msiliinamie titi kwa mtoto. Blauzi ya vifungo mbele na leso begani vyamtosha apendaye kujifunika, asiyependa asilazimishwe. Wala msingoje kilio. Mtoto akianza kugeuza kichwa na kunyonya vidole, wakati umefika. Aliyewahiwa hunyonya kimya. Aliyecheleweshwa ndiye awavutaye watu wote kumtazama.

Kwa wakuu wa shule ombi letu ni dogo: kiti chenye mgongo, pembe yenye hewa safi, na nafasi katika ratiba. Hayo hayangoji fedha za serikali. Na kila mwanachama wa chama chetu alifikishe jambo hili katika mkutano wa walimu wa shule yake muhula ujao, tena alitetee kwa sauti ile ile anayoitumia kulighani shairi la Shaaban Robert.