Ndizi ni Halali, Lakini Karai Je?



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, vijana wamekuwa wakituuliza madrasa swali moja, na jawabu tunalowapa haliwapendezi. Wanasema: "Ustadhi, sisi kwenye kabare hatunywi pombe wala hatuli nyama. Tunanunua mizuzu ya kukaanga tu. Kosa liko wapi?"

Kosa haliko kwenye ndizi. Ndizi ni neema. Wafasiri wengi wamesema kwamba mti uliotajwa katika Suratul Waaqi'ah, aya ya 29, miongoni mwa neema za watu wa kuliani, ni mgomba. Kosa liko kwenye karai.

Watu wa Gitega na Muyinga wanazijua kabare zetu. Mishikaki, ndizi za kukaanga na bia huenda pamoja. Pale panapokaangwa nyama ya nguruwe, nani amekuhakikishia kuwa ndizi zina mafuta yake, mwiko wake na sahani yake? Shahamu ya nguruwe ikishayeyuka ndani ya mafuta haitoki, na ndizi mbivu hunyonya mafuta hayo. Kijana anakwepa nyama kwa jino, kisha anaila kwa mafuta! Na hata kama karai ni safi, Mtume (S.A.W.) amemkataza anayemuamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayonywewa pombe, kama alivyopokea Tirmidhi.

Tunazisikia hoja za wanaotupinga, nasi tunazijibu.

Kwanza, wanasema dini haikutuamuru kupekuapekua vyakula vya watu. Ni kweli, na asili ya vyakula ni halali. Lakini nguruwe akiwa ananing'inia mlangoni, hapo hujapekua, umeona kwa macho yako. Katika hadithi ya Nu'maan bin Bashiir, waliyoipokea Bukhari na Muslim, tumefundishwa kuwa mwenye kuepuka yenye utata ameisalimisha dini yake na heshima yake.

Pili, wanasema kukaanga nyumbani ni gharama, mafuta yamepanda bei. Sasa yule wa kabare anayapata bure? Unamlipa mafuta yake, makaa yake na faida yake. Tena mafuta yanayochemshwa siku baada ya siku mpaka yawe meusi na kutoa povu yanadhuru mwili. Nyumbani huhitaji karai lililojaa. Mafuta yakifika nusu ya unene wa kipande yanatosha.

Tatu, wapo wanaosema kwamba jikoni ni kwa mama na dada. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake. Hadithi hii iko kwa Bukhari. Wewe mwanafunzi wa chumba cha kupanga, ni nani aliyekupa cheo cha kumzidi Mtume?

Tuwatazame ndugu zetu wa Afrika Magharibi. Wanigeria wana dodo, Waghana wana kelewele yenye tangawizi na pilipili, na watu wa Côte d'Ivoire wana alloco. Hivi vinauzwa barabarani, lakini vinapikwa majumbani pia, na wala si kazi ngumu. Chukua mizuzu iliyoiva, ganda la manjano lenye madoa meusi. Menya, kata mshazari kwa unene wa kidole, nyunyiza chumvi kidogo. Bandika mafuta kwenye mbabura. Tia kipande kimoja, kikitoa mapovu pembeni, mafuta yako tayari. Usijaze, maana ndizi zikibanana hulowa mafuta badala ya kukaangika. Geuza mara moja, epua zikiwa rangi ya dhahabu iliyokolea, chuja. Alloco ya asili hukaangwa kwa mawese, na mawese sisi tunayo ya Rumonge. Wao huila na samaki na kachumbari ya nyanya, kitunguu na pilipili. Sisi tuna mukeke na ndagala. Tumekosa nini?

Wazazi, neno la mwisho ni lenu. Mtoto anayetoka Muyinga kwenda kusoma Gitega mnamfungia daftari, godoro na nguo. Mfungieni na kikaango, na kabla hajaondoka mfundisheni kukitumia, awe wa kike au wa kiume. Na pale mtaani palipo na mama anayekaanga barazani kwake kwa mafuta safi, nunueni kwake, mumuunge mkono katika riziki yake ya halali. Msiwakataze watoto kabare huku nyumbani jiko ni baridi; mtoto mwenye njaa hufuata harufu.

Allah atutosheleze kwa halali Yake na atuepushe na haramu. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.