Mwanadamu ni Mwema au ni Mbaya? Tukumbuke Isimani

Kila ukatili unapotokea vijijini mwetu, husikika watu wakisema, "Yule si mtu, ni mnyama." Kwa neno hilo tunajibu, bila kutafakari, swali zito: je, mwanadamu kwa maumbile yake ni mwema au ni mbaya? Tena tunalijibu kwa kujistarehesha, kwamba wabaya ni wale, sisi tupo upande wa pili.

Sisi wa Iringa tunayo habari inayotunyima starehe hiyo. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Noeli, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alifika shambani kwa Saidi Mwamwindi huko Mkungugu, Isimani. Serikali ilikuwa ikisukuma vijiji vya ujamaa, na Isimani ilikuwa na wakulima wakubwa wa mahindi. Wakabishana. Mwamwindi akachukua bunduki, akamwua. Kisha akaupakia mwili katika gari la marehemu, akaliendesha mwenyewe hadi polisi Iringa mjini. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ilimhukumu adhabu ya kifo.

Tangu hapo wapo wanaomwona Kleruu kuwa shujaa wa wanyonge, na chuo cha ualimu mjini Iringa kina jina lake. Wengine, kwa sauti ya chini, humsifu Mwamwindi kwamba alitetea jasho lake. Mauaji yale yalikuwa dhambi kubwa, wala hasira haiyahalalishi. Lakini mikono iliyoua ndiyo iliyoshika usukani kwenda kujisalimisha. Huenda palikuwa na kiburi pia katika safari ile, nani ajuaye? Naye kiongozi aliyewatakia maskini ardhi alikabidhiwa madaraka makubwa mno juu ya watu ambao lugha ya siasa ya siku zile iliwaita kupe na wanyonyaji. Mtu akiisha kuitwa kupe, nani atamwuliza maoni yake?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 405, yafundisha kwamba maumbile ya mwanadamu yamejeruhiwa, ila hayakuharibika kabisa. Aliyejeruhiwa hakomi kuwa mtu; wala hawezi kujidai mzima. Hata Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililoamini kuwa twaweza kuishi kindugu, liliwawekea viongozi miiko: wasiwe na hisa katika makampuni, wala mishahara miwili, wala nyumba za kupangisha. Lilijua basi kwamba kiongozi naye ana jeraha. Kwa maoni yangu, miiko ile ilichunga mali kuliko ilivyochunga ukali wa madaraka.

Nayasema haya kwenu hasa, viongozi wa walei wa Mbeya na Iringa. Bibi kizee anaposhutumiwa uchawi kwa kuwa mtoto wa jirani amefariki, au kijana mwizi anapozingirwa na wale ambao magazeti huwaita "wananchi wenye hasira kali", nendeni mkasimame hapo katikati. Mwiteni kwa jina lake, mdai ushahidi, mdai apelekwe mahakamani. Na mwenyekiti wa halmashauri ya walei, au paroko, nami nikiwamo, akikwepa kusoma hesabu za sadaka mbele ya waamini, msinyamaze kwa sababu ni mtu mwema. Mwulizeni hapo hapo kanisani, naye ajibu kwa tarakimu.