Daftari la Wiki: Kwelea Wanakotoka na Wanakoelekea

Mpunga unapokomaa katika majaruba ya Kishapu mkoani Shinyanga, na mtama na uwele katika mashamba yanayouzunguka mgodi wa Mwadui, familia nzima hushinda kutwa zikiamia ndege. Adui mkuu ni kwelea kwelea, ndege mwenye uzito wa takriban gramu 20, ambaye akiwa peke yake hula punje chache tu lakini husafiri katika makundi ya mamia ya maelfu. Safari zake zina sababu inayoeleweka: mvua zinapoanza, mbegu za nyasi zilizolala ardhini huota na chakula hutoweka, hivyo kundi huuvuka ukanda wa mvua kwenda kule zilikotangulia kunyesha na nyasi zimekwisha kuzaa, kisha hurejea likifuata mbegu mpya na kutaga njiani. Katika miaka ya 1980, watafiti katika Bonde la Ufa la Ethiopia waliwanyunyizia kwelea kutoka angani chembe zinazong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, na kwa alama hiyo wakathibitisha kwamba ndege hao huweza kuzaliana zaidi ya mara moja katika msimu mmoja, kila mara mahali pengine.

Njia ya zamani zaidi ya kufuatilia safari za ndege ni uvishaji pete, yaani kumnasa ndege akiwa hai, kumfunga mguuni pete nyepesi yenye namba na kumwachia, kama alivyofanya mwalimu Hans Christian Mortensen nchini Denmark mwaka 1899. Afrika Mashariki kazi hiyo inajulikana zaidi kwa kituo cha Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969, katika usiku wa ukungu usio na mwezi wa Novemba na Desemba, taa za hoteli huwavuta ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia, nao hunaswa kwa nyavu nyembamba. Mamia ya maelfu wamevishwa pete hapo, lakini wanaopatikana tena mbali hawafikii hata mmoja katika kila mia.

Kifaa cha setilaiti huonyesha safari yote, ila kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mzigo usizidi asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa ndege, na kwa kwelea hiyo ni takriban gramu moja au pungufu. Tai mzoga hubeba bila shida. Waliofuatiliwa kutoka Masai Mara walionekana kwenda kule wanyama wanakokufa zaidi kuliko kule walikojaa, jambo ambalo hakuna pete ingeweza kulifichua.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania huwanyunyizia kwelea sumu kutoka angani pale wanapolala au kuzaliana. Mavuno ya msimu huokoka, na mkulima wa Shinyanga ana haki ya kuudai msaada huo. Lakini sumu hiyo huwafikia pia mwewe na ndege wengine wanaowala kwelea waliolegea, na kundi lililotaga kwingine haliguswi. Fedha zinazotengwa kwa kunyunyizia zingestahili kuambatana na fungu la kudumu la kufuatilia makundi hayo kuvuka mipaka ya wilaya na ya nchi, kabla hayajashuka majarubani.